Safari ya Ijara, Nchi ya Hirola

Mtu atokaye Nairobi kwenda Garissa hupita Thika na Mwingi, na akisha kuiacha Mwingi nyuma nchi huanza kugeuka. Milima hupungua, mashamba ya mahindi huwa machache, mtama na kunde hushika zamu kwa muda, kisha nazo huachwa, na mbele ya msafiri hubaki nchi tambarare ya miiba ambayo jicho haliuoni mwisho wake. Hata akifika Madogo huona mbele yake mstari mrefu wa miti ya kijani. Huo ni Mto Tana. Daraja likivukwa, msafiri amekwisha ingia Garissa.

Mji wa Garissa una joto jingi na biashara nyingi. Kando ya mto kuna mashamba ya maembe, ndizi na tikiti maji, nayo hunyweshwa kwa pampu. Na hatua chache tu kutoka mashamba hayo wapo ngamia, mbuzi na ng'ombe waliotembezwa siku nyingi kuja sokoni. Mnada wa mifugo wa Garissa wajulikana mbali, nao wafanya biashara wa Nairobi na Mombasa huja hapo kununua ng'ombe wa kuchinja. Kusini kidogo ya mji, mahali paitwapo Bour-Algi, twiga hutembea karibu na nyumba za watu bila kusumbuliwa na mtu. Mgeni husimamisha gari ashangae, lakini mtoto wa pale apitaye na mbuzi wake hata hageuzi shingo.

Lakini mimi sikwenda kwa ajili ya twiga. Nalikwenda kumtafuta mnyama ambaye haonekani penginepo duniani ila katika sehemu hii ya nchi yetu, na katika Tsavo, alikopelekwa kwa magari na ndege. Mnyama huyo ni hirola. Nina hakika kwamba watu wengi wasomao habari hizi hawajapata kumwona, na pengine wengine hawajapata hata kulisikia jina lake. Nami nalikuwa mmoja wao mpaka miaka michache iliyopita.

Njia ya kwenda kwake hufuata upande wa mashariki wa Tana, kuelekea kusini, kupita Bura hata kufika Masalani katika Ijara. Wakati wa jilaal, yaani kiangazi kikali, barabara hiyo ni vumbi tupu. Wakati wa mvua za gu au za deyr udongo mweusi hugeuka gundi, na lori lililonasa laweza kulala pale siku tatu, dereva na utingo wake wakipika chai chini ya tela. Sisi tulipita mwisho wa kiangazi, tukamshukuru Mungu kwa vumbi.

Wenyeji wa Ijara wengi ni Wasomali wafugao ng'ombe. Katika sehemu nyingine za Garissa ngamia ndiye mkubwa, bali huku kusini nchi ina majani zaidi na ng'ombe ndiye mali. Kando ya mto wako Wapokomo, ambao ni wakulima, na Waorma, ambao nao ni wafugaji. Na kusini zaidi, kuelekea Lamu, uko msitu wa Boni. Ni nchi iliyopata shida nyingi. Baada ya mwaka 1963 ilipita vita vya shifta, baadaye ukame mara kwa mara, na katika miaka hii hofu ya watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya mpaka imefanya wageni kuwa haba. Nayataja haya mapema kwa kuwa habari za hirola haziwezi kutengwa na habari za watu anaokaa nao.

Basi hirola ni mnyama gani? Ukimwona kwa mbali utadhani ni kongoni mdogo, au nyamera aliyepauka. Rangi yake ni ya mchanga mwekundu, na pembe zake, ambazo dume na jike wote wanazo, huinuka kwa mpindo mzuri na kuwa na pingili nyingi. Mkia wake ni mweupe, na ncha za masikio ni nyeusi. Lakini alama yake kuu iko usoni: mstari mweupe hupita toka jicho moja hata jingine kama miwani, na chini ya kila jicho kuna tezi kubwa nyeusi ambayo akichangamka hufunuka, ukadhani ana macho manne. Wasomali humwita arawla. Wataalamu humwita Beatragus hunteri, kwa jina la Mwingereza H.C.V. Hunter aliyempiga risasi kando ya Tana mwaka 1888, na mwaka uliofuata akaandikwa katika vitabu vya elimu ya wanyama. Watu wa Ijara walikuwa wakimjua kabla ya Bwana Hunter, tangu zamani ambazo hazina hesabu. Lakini ndivyo mambo ya majina yaendavyo.

Jambo lililo kubwa zaidi ni kwamba hirola hana ndugu wa karibu. Kongoni wana aina nyingi, na nyamera vivyo hivyo. Hirola ni peke yake katika jamii yake. Wengine wote wa ukoo wake walikwisha zamani, na mifupa yao tu ndiyo inayochimbuliwa ardhini. Akitoweka yeye, hautatoweka mlango mmoja wa ukoo, bali ukoo mzima, na jambo hilo halijapata kutokea kwa wanyama wanyonyeshao wa bara la Afrika tangu watu waanze kuweka kumbukumbu hizo. Tena hakuna hata mmoja aliyefugwa katika bustani ya wanyama popote duniani. Hakuna akiba.

Mwisho wa miaka ya 1970 ndege za serikali zilipopita juu ya nchi hii kuhesabu wanyama, hirola walikadiriwa kuwa kama 14,000. Kati ya mwaka 1983 na 1985 wakaanguka vibaya sana, hata katika kila hirola kumi hawakubaki wawili. Leo waliobaki hukadiriwa kuwa chini ya 500. Huko Somalia, ambako zamani walikuwapo pia, yadhaniwa kuwa wamekwisha.

Kilichowaua katika miaka ile kilikuwa mambo mawili yaliyokuja pamoja: ukame na sotoka. Wafugaji wa zamani hawahitaji kuelezwa sotoka ni nini. Ndiyo ile iliyoingia Afrika ya Mashariki mwisho wa karne ya kumi na tisa na kufagia ng'ombe wa makabila mengi hata watu wakafa njaa. Ni ugonjwa wa ng'ombe, lakini haukubagua. Nyati, kongoni, tandala na hirola walikufa kama ng'ombe walivyokufa. Hapa kwetu Kenya, katika maabara ya Muguga karibu na Kikuyu, ndipo Bwana Walter Plowright na wenzake walipotengeneza, kati ya miaka ya 1950 na 1960, chanjo nzuri iliyokuja kuufuta ugonjwa huo katika ulimwengu wote. Mara ya mwisho sotoka kuonekana duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru, na mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kwamba imekwisha kabisa. Baada ya ndui ya binadamu, huo ndio ugonjwa wa pili kufutwa na mkono wa watu.

Hapo ndipo palipo fumbo. Sotoka imekwisha. Mvua zimekuja na kwenda mara nyingi tangu mwaka 1985. Wanyama wengine walioanguka kwa sotoka, kama nyumbu wa Serengeti, walipotulia na ugonjwa waliongezeka hata wakajaza mbuga. Hirola hakuongezeka. Kwa nini?

Kabla ya kujibu, lazima niseme habari za Tsavo, maana watu wengi wakisikia mnyama anakwisha mahali fulani husema mara moja, "Basi na ahamishwe." Hilo limejaribiwa mara mbili. Mwaka 1963 hirola wachache walikamatwa wakapelekwa Tsavo Mashariki, na wengine walikufa kwa taabu ya safari. Waliobaki walizaa, na watoto wa watoto wao wako huko hata leo, lakini katika miaka yote hiyo hawajawa kundi kubwa. Hesabu yao imekuwa haipandi sana wala haishuki sana. Mwaka 1996 idara ya wanyama ya serikali ikaja tena na ndege na magari kuchukua wengine.

Safari hii watu wa Garissa walikataa. Walikwenda mahakamani, wakasema kwamba hirola ni mali ya nchi yao na urithi wao, na kwamba hakuna mtu aliyewauliza. Mahakama Kuu ya Nairobi iliwasikiliza ikatoa amri ya kuzuia, kwa hoja kwamba kazi ya idara hiyo kwa sheria ni kuwatunza wanyama katika hali yao ya asili. Hirola 29 walikuwa wamekwisha achiwa Tsavo, lakini kazi iliishia hapo. Wako waliosema wakati ule kwamba wafugaji hawa walikuwa wajinga wanaozuia elimu. Mimi sioni hivyo. Mtu akija kwako akisema, "Watoto wako wanaugua, basi nitawachukua niwalee mimi," utakuwa na haki ya kumwuliza kwanza kwa nini hakuleta dawa.

Serikali ilikuwa imekwisha weka hifadhi iitwayo Arawale, kilometa za mraba 533, katika miaka ya 1970, makusudi kwa ajili ya hirola. Jina lenyewe lamkumbusha msikiaji lile la Kisomali. Lakini kwa miaka mingi hapakuwa na askari wa wanyama, wala lango, wala barabara. Hifadhi ilikaa katika ramani tu, na hirola hasomi ramani.

Baada ya kesi ile wazee wa Ijara walionelea kwamba wakikataa wanyama wasichukuliwe, basi wao wenyewe ndio watakaoulizwa. Katika mwaka 2006 na 2007 wakatenga sehemu ya malisho yao karibu na mto, upande unaotazamana na hifadhi ya nyani wa Mto Tana, wakaiita Ishaqbini. Walinzi ni vijana wa pale pale, na baraza la uongozi ni la wenyeji. Mwaka 2012, kwa msaada wa mashirika na serikali, wakajenga ua wa umeme uliozunguka kilometa za mraba zipatazo 27, wakaingiza hirola 48, na simba, duma, fisi na mbwa mwitu wakafungiwa nje. Baada ya miaka michache hirola wa ndani ya ua walizidi 100.

Nalifika kwenye ua huo asubuhi na mapema, jua halijapata nguvu. Mlinzi mmoja, kijana mrefu aliyevaa kofia ya kijeshi na kanda miguuni, alituongoza kwa miguu. Baada ya mwendo wa nusu saa akainua mkono. Sikuona kitu. Akaonyesha kwa kidevu, kama ilivyo desturi yao, nami nikaona kwanza mikia myeupe ikipunga inzi, kisha nyuso zenye miwani zikitutazama. Walikuwa saba: majike, watoto wawili, na dume moja lililosimama kando juu ya kichuguu kama mzee wa zamu. Hawakukimbia mara moja. Nalisimama pale nikafanya hesabu ya kipuuzi kichwani: ikiwa wote duniani ni chini ya 500, basi katika kila 100 nalikuwa natazama zaidi ya mmoja.

Majike huzaa mtoto mmoja tu, aghalabu mwanzo wa mvua za deyr, mwezi wa Oktoba au Novemba. Jike anapokaribia kuzaa hujitenga na kundi, akakaa peke yake na mtoto kwa muda wa wiki moja au mbili. Kwa sababu hiyo ua umefaa sana, maana katika siku hizo chache mama na mtoto ni chakula rahisi cha duma na mbwa mwitu.

Lakini ua haumalizi neno. Kilometa za mraba 27 ni kitu kidogo katika nchi ya hirola, na majani yaliyomo yana kiasi chake. Ukiwaachia nje watakula nini? Na hapa narudi kwenye lile fumbo.

Mtaalamu mmoja mzaliwa wa Garissa, Dk. Abdullahi Hussein Ali, aliyeanzisha mradi wa kuhifadhi hirola na kupewa Tuzo ya Whitley mwaka 2020, alifanya uchunguzi wa miaka kadhaa pamoja na wenzake. Waliwavika hirola kola zenye mitambo inayopeleka habari kwa setilaiti, wakazifuata nyayo zao mchana na usiku. Tena walichukua picha za nchi zilizopigwa kutoka angani tangu mwaka 1985 hata 2012 wakazilinganisha. Waliyoyaona ni haya: hirola hupenda mahali pa wazi penye majani mafupi, na mahali penye miti humkimbiza, lakini katika nchi yake ya zamani eneo lililofunikwa na miti limeongezeka kwa asilimia 251. Mbuga iliyokuwa wazi imegeuka kichaka. Hirola hakuhama nchi yake; nchi ndiyo iliyomhama.

Miti hiyo ilitoka wapi? Haikupandwa na mtu. Zamani ndovu walikuwa wengi upande huu, na ndovu ni kama mkata miti wa Mungu: huvunja, hung'oa, huchuna magome, na nyuma yake jua hufika chini na majani huota. Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwamaliza ndovu wa Ijara, karibu wote. Pamoja na hayo ng'ombe waliongezeka na kula majani mpaka kwenye mizizi. Na mahali pasipo na majani makavu moto haupiti, na mahali pasipopita moto wala ndovu, mche wa mgunga hukua bila kuulizwa. Hivi ndivyo mtu aliyeuza pembe za ndovu huko nyuma alivyomnyang'anya hirola chakula chake bila kumgusa.

Mkulima au mfugaji asomaye haya asidhani kwamba ni habari za mnyama wa porini tu. Hirola na ng'ombe hula majani yale yale. Kichaka kilichomfukuza hirola ndicho kinachomfanya mchungaji wa Ijara atembeze ng'ombe wake mbali zaidi kila mwaka kutafuta malisho. Dk. Ali na wenzake walipowauliza wenyeji maoni yao juu ya dawa ya jambo hili, wengi walikubali ndovu walindwe ili warudi, na majani ya asili yapandwe. Lakini kupunguza mifugo hawakukubali. Jibu hilo halikunishangaza. Ng'ombe ndiye benki, ndiye mahari, ndiye ada ya shule. Hata hivyo nadhani siku moja neno hilo litarudi barazani, maana ndovu peke yake hawezi kufuta deni la malisho.

Tena si sisi peke yetu tulio na shida ya namna hii. Huko Kanada kuna mnyama wa nchi za theluji aitwaye karibu, jina ambalo masikioni mwetu lasikika kama mgeni anayekaribishwa ndani. Lakini nchi yake haimkaribishi tena. Katika milima ya British Columbia makampuni yalikata misitu ya kale, vichipukizi vikaota, wanyama wengine walao vichipukizi wakaongezeka, na nyuma yao wakaja mbwa mwitu wa baridi, ambao wakiwa wengi humla karibu pia. Kundi moja liitwalo Klinse-Za lilikuwa limebaki wanyama 38 mwaka 2013. Wenyeji wa asili wa huko, watu wa West Moberly na Saulteau, wakajenga boma mlimani mwaka 2014. Kila mwaka kabla ya kuzaa huwaingiza majike wenye mimba, huwalinda kwa zamu, na kuwakusanyia kwa mikono mimea midogo iotayo juu ya miti na miamba ambayo ndiyo chakula chao, hata watoto wapate nguvu. Mbwa mwitu nao walipunguzwa. Mwaka 2021 kundi lilikuwa limepita 100. Lakini watu wale nao husema kwamba boma ni la kununua muda tu, na kwamba msitu wenyewe ndio unaotakiwa kurudi.

Nalimwambia habari hizi mzee mmoja tuliyemkuta jioni karibu na Masalani, amekaa chini ya mti na fimbo yake magotini, ng'ombe wakirudi kutoka mtoni. Alisikiliza kwa makini sana habari za theluji, akataka kujua kama ng'ombe waweza kukaa huko. Nikamwambia kwamba baridi ya huko ni kali sana. Akatikisa kichwa kwa huruma.

Kisha nikamwuliza, "Mzee, ulipokuwa kijana hirola walikuwa wengi kiasi gani?"

Hakutaja hesabu. Alinyosha fimbo kuelekea upande wa jua kuchwa, mahali ambapo mimi naliona ukuta wa miiba uliosimama kimya, akasema kwamba pale palikuwa uwanja, na kwamba mtoto aliyechunga hapo asubuhi aliweza kuwaona ng'ombe wake wote bila kuinuka, nao arawla walikuwa wakila katikati yao, hata wakati mwingine ilikuwa kazi kuwatenga. Nikatazama tena upande ule. Ng'ombe wake walikuwa wakitoka kichakani mmoja mmoja, nasi tuliwasikia kwa kengele kabla ya kuwaona; na kijana aliyewachunga alikuwa bado humo ndani, akipiga mluzi na kuhesabu kwa sauti, kwa kuwa mmoja alikuwa hajaonekana.